Kioo cha pikipiki na baridi ya Magamba: shajara ya mradi, Juni hadi Agosti 2024

Jumatano, 5 Juni. Lushoto

Kioo cha mbele cha pikipiki yangu, kile cha plastiki cha kukinga upepo, kimekatika leo alfajiri, saa kumi na mbili kasorobo, kwenye kona ya pili ukishaiacha Magamba kuelekea Lukozi. Nilikuwa gia ya tatu, mwendo wa kawaida, nikaingia shimo ambalo sikuliona kwa ukungu. Kililia kama kuni kavu inayovunjwa kwa goti. Kipande cha kulia, kikubwa kama sahani ya wali, kikanipita begani na kulichana koti. Kingepanda kidogo tu kingenikuta shingoni.

Nilizima pikipiki, nikawasha tochi na kuokota vipande vyote hadi vile vidogo vya kwenye majani. Hiki ni kioo cha pili. Cha kwanza kilikatika Julai ya mwaka jana, mlima huu huu, saa hizi hizi. Nilipofika nyumbani mama mkwe aliliona koti kabla sijasema neno. "Pole baba. Mungu kakunusuru." Akanipa chai ya tangawizi, na hapo mezani nikaomba karatasi nianze kuandika.

Mimi ni fundi wa majokofu, nakaa Ngamiani, Tanga mjini. Kila baada ya wiki mbili napanda Lushoto kukagua matangi ya kupozea maziwa kwenye vituo vya juu. Wafugaji huleta maziwa alfajiri, na tangi lisipokuwa limeshapoa maziwa yao yanaharibika mbele ya macho yao. Kwa hiyo Jumanne alasiri natoka Tanga, napita Muheza, Segera, Korogwe na Mombo, halafu kona za Soni mpaka Lushoto. Ni kama kilomita 160. Pikipiki inalala uani kwa wakwe, nje, na Jumatano kabla ya jua naipandisha tena.

Kioo nakihitaji kwa kifua. Mwaka juzi nilikwenda bila kioo kipupwe chote, na nilikohoa mpaka Septemba.

Alhamisi, 6 Juni. Tanga

Nimepeleka vipande kwa aliyeniuzia. Amevitazama mara moja tu: "Kaka, hiyo ni baridi. Baridi ndiyo inayovunja vioo." Akanitajia bei ya kingine.

Sijaridhika. Nimerudi karakana, nimevipanga vipande juu ya meza kama mtu anayepanga chungu kilichovunjika. Kuna nyufa tatu, na zote tatu zimeanzia sehemu moja: tundu la bolti la chini kulia. Juu ya kioo hakuna ufa uliojianzia wenyewe hata mmoja. Kama ni baridi tu, mbona ililijua tundu lile na kuyaacha mengine matatu?

Nimelimulika tundu kwa tochi ya simu. Limetobolewa kwa kichwa cha drili kilichokwisha makali. Ukingo wake una vijimeno, na kwenye kila kijimeno kuna ufa mfupi ambao ukipitisha kucha unakwaruza. Nyufa zile tatu kubwa ni watoto wa hivi vijimeno. Halafu bolti yenyewe: ni ya milimita 6, ile ya spana namba 10, na tundu nalo lina milimita 6 kamili. Kutu ya chumvi ya pwani imeivimbisha bolti mpaka imeng'ang'ania plastiki. Nimeitoa kwa nyundo.

Ijumaa, 7 Juni

Baada ya sala ya Ijumaa nimekaa na kalamu.

Plastiki hizi za vioo vya pikipiki, kila mita moja na kila nyuzi moja ya joto, hutanuka au kunywea kwa kiasi cha milimita 0.07. Chuma ni milimita 0.012 hivi, karibu mara sita chini yake. Kioo changu kilifungwa Tanga mchana, uani, kwenye nyuzi 32. Alfajiri ya juzi kipimajoto changu cha kazi kilisoma nyuzi 9 pale uani kwa mama mkwe. Tofauti ni nyuzi 23. Kati ya tundu la kushoto na la kulia kuna sentimita 32.

Plastiki ilitaka kunywea karibu nusu milimita. Mkono wa chuma ulioishika ulinywea chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Tundu halina nafasi, bolti imekazwa kwa nguvu zote, kutu imeziba pembeni. Plastiki ivutike wapi? Usiku kucha imekaa pale inavutwa kutoka kwenye vile vijimeno, na mimi nimelala. Shimo la barabarani limekuja kumalizia.

Kwa hiyo muuzaji hakusema uongo kwamba baridi imo. Ila baridi peke yake haikutosha. Nimefurahi kuliona hili kwa hesabu, kwa sababu baridi ya Magamba siwezi kuiondoa, lakini tundu ni la mkono wa mtu.

Jambo jingine nililoliandika pembeni nisije nikalisahau: vijana wengi wanasema upepo wa mwendo unakifanya kioo kiwe baridi kuliko hewa. Si kweli. Upepo unakunyang'anya wewe joto la mwili, ndiyo maana kwenye nyuzi 12, ukienda kilomita 60 kwa saa, mwili unahisi kama nyuzi 8. Kioo hakina joto la kunyang'anywa. Kikishafikia joto la hewa kinaishia hapo, upepo uwe mkali namna gani.

Jumamosi, 8 Juni

Nimekwenda kwa mzee mmoja wa Ngamiani anayechonga mabango ya maduka. Kazi hii anaifanya tangu mimi niko shule ya msingi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na vigae?"

Alichukua kipande, akakigonga kwa ukucha karibu na sikio. Kililia wazi, kama gilasi. Kisha akawasha kiberiti na kuunguza kona. Moto ulishika vizuri, wa njano, ukiendelea wenyewe na kutatarika kidogo, na harufu ikaja tamu kama ya pipi ya matunda. "Akriliki," akasema. "Hii mimi naandikia mabango. Inang'aa, jua haliiharibu upesi, ila ni kavu. Hata bila baridi ni kavu. Bango halikimbii barabarani."

Akatoa kipande kingine kwenye rundo la mabaki ya paa la baraza ya mtu. Ukikigonga kinatoa sauti ya kufa, kama ubao. Ukikiunguza kinatoa moshi mweusi wenye masizi, na ukiondoa kiberiti kinazima chenyewe. Hiyo ni polikaboneti. Nimeinunua kwake, ya milimita 3, upana unatosha vioo viwili, shilingi 35,000. Kile cha kununua tayari nilikilipia 45,000.

Hii polikaboneti ina historia ninayoipenda. Mwaka 1953 wakemia wawili, mmoja Ujerumani na mwingine Marekani, waliigundua kila mmoja kivyake bila kujua habari za mwenzake. Kofia walizovaa wanaanga wa Apollo mwezini, lile tufe la kuonea, zilitengenezwa kwa polikaboneti hii.

Jumanne, 11 Juni

Siku ya majaribio. Hapa kazi yangu ya majokofu imenisaidia, maana baridi ninayo ya kupima.

Nimekata vipande vya sentimita 4 kwa 20: vya akriliki kutoka mabaki ya mzee, vya polikaboneti kutoka ile niliyonunua. Vingine nimevitoboa tundu katikati, vingine nimeviacha. Fungu moja limelala kwenye tangi la majaribio kwenye nyuzi 4, ambayo ndiyo baridi ya maziwa na ni kali kuliko alfajiri zote nilizowahi kupima Lushoto. Fungu jingine kwenye friza, nyuzi 15 chini ya sifuri, kwa sababu nilitaka kujua mwisho wake. La tatu limelala juu ya meza.

Leo nimevibana kwenye jiriwa kimoja kimoja na kuvipiga kwa nyundo ileile, nikiiachia kutoka kimo kilekile nilichokitia alama ukutani.

Akriliki isiyo na tundu, ya mezani, ilistahimili pigo la kwanza na kukatika la pili. Ya nyuzi 4 ilikatika la kwanza. Yenye tundu ilikatika la kwanza kila mahali, hata ya mezani, na kila mara mstari ulipita katikati ya tundu. Ya friza ilitawanyika. Kipande kimoja nilikikuta jioni ndani ya ndoo ya maji upande wa pili wa chumba.

Polikaboneti ya mezani ilikunjika. Ya nyuzi 4 ilikunjika. Ya friza nayo ilikunjika, ikabaki imepinda kama sikio la mtu, bila ufa. Nilipiga ile yenye tundu la vijimeno mara saba ndipo ukaonekana ufa mfupi, na haukusafiri. Kijana wangu wa karakana alisimama mlangoni na spana mkononi, akasahau alichotumwa.

Kuna jaribio moja zaidi, na kwangu hili ndilo kubwa. Nilikunja kipande cha polikaboneti kidogo tu, nikakifunga waya kibaki kimepinda, kisha nikakipangusa mgongoni kwa kitambaa chenye petroli. Hazikupita dakika nyingi. Zikaanza kuonekana nyufa nyembamba kama nywele za mtoto, zimejipanga sambamba, zinameta ukigeuza kipande juani. Nilipokibonyeza kwa dole gumba kikakatika kama papi. Plastiki ileile iliyoshinda nyundo imeshindwa na kitambaa.

Na sisi wote tunafutia pikipiki petroli.

Jumamosi, 15 Juni

Leo nimeharibu nusu ya plastiki, na kosa ni langu.

Nilitaka kioo kiwe na mkunjo mzuri juu, kile cha kurusha upepo. Nikaipasha juu ya jiko la mkaa, nikiipitisha taratibu. Ilianza kulegea vizuri. Mara ndani yake vikatokea vitone vyeupe, vichache, halafu vingi, mpaka ikawa kama soda iliyotikiswa. Haionekani kitu ng'ambo.

Nimerudi kwa mzee. Hakunicheka. "Inakunywa unyevu hewani, hiyo. Na hewa ya Tanga unaijua." Polikaboneti kabla ya kukunjwa kwa moto hukaushwa kwanza kwa saa nyingi kwenye oveni ya nyuzi kama 120, unyevu utoke polepole. Ukiiwahisha kwenye moto mkali, ule unyevu unachemka ndani kwa ndani. Oveni hiyo sina.

Nusu iliyobaki nitaikunja baridi, bila moto, kwa mkunjo mpana. Kanuni anayoitumia mzee ni kwamba nusu kipenyo cha mkunjo kisiwe chini ya mara mia ya unene. Milimita 3 mara mia, sentimita 30. Kwa upana wa pikipiki yangu inatosha kabisa. Uzuri nimeuacha.

Jumanne, 18 Juni

Kimekamilika saa sita mchana. Naandika vipimo vyote kwa sababu tayari wenzangu wawili wa kijiweni Chuda wameniuliza.

Kioo: upana sentimita 42, kimo 45. Kingo zote nimezipiga tupa, kisha msasa mkavu, kisha msasa wa maji mpaka kidole kinateleza. Nimetumia muda mwingi kwenye kingo kuliko kazi nyingine yoyote, na sijutii. Karatasi ya kinga niliiacha mpaka mwisho, na nimeangalia uso wenye dawa ya kuzuia jua uwe mbele. Polikaboneti isiyo na dawa hiyo inakuwa ya njano.

Matundu: milimita 9 kwa bolti ya 6. Nimetoboa kwa kichwa kipya cha drili, kwa mwendo mdogo, na ubao umekaa nyuma ili upande wa pili usimeguke. Ndani ya kila tundu nimevisha kola ya mpira niliyoikata kwenye bomba la petroli jipya, lisilotumika. Washa za mpira mbele na nyuma nimezikata kwenye tyubu ya baiskeli. Bolti ni za stenlesi, nati zake zina plastiki ndani ili zisifunguke kwa mtikisiko. Gundi ya bolti sijaigusa; nayo huila polikaboneti kama petroli.

Kukaza ndiko kulikonipa shida, kwa kuwa mkono wangu umezoea chuma. Nimekaza mpaka washa ikaanza kubanwa, nikasimama. Kipimo changu ni hiki: washa ya mpira izunguke kwa kidole, kwa ugumu, lakini izunguke.

Jumatano, 19 Juni. Lushoto

Nyuzi 10 alfajiri. Kioo kimepanda hadi Lukozi na kurudi. Kinatikisika zaidi kidogo kuliko cha zamani. Kile kilikuwa kimya kwa sababu kilikuwa kimenyongwa.

Tatizo ni kimo. Nilikikata kirefu, ukingo wa juu ukaja usawa wa macho yangu. Ukungu wa msitu wa Magamba ulikaa juu yake kwa matone, na taa ya lori la mboga lililokuja mbele ikatawanyika kwenye matone yote kwa pamoja. Sikuona chochote kwa muda wa kuhesabu tatu. Nilisimama kando mpaka lori likapita, na moyo ulikuwa unanidunda.

Kioo cha upepo si cha kuonea. Kinatakiwa kiishie chini ya macho, mtu aangalie kwa juu yake, na upepo unaotupwa na ukingo upite juu ya kofia. Nikirudi Tanga nakipunguza.

Ijumaa, 21 Juni

Nimekata sentimita 7. Kingo nimezipiga msasa upya. Nikikaa kitini ukingo sasa uko usawa wa kidevu.

Jumatano, 3 Julai. Lushoto

Nyuzi 7 uani, saa kumi na moja alfajiri. Ndiyo baridi kubwa kuliko zote nilizoandika. Kiti kilikuwa kimelowa umande kama kimemwagiwa maji, na mama mkwe alinifunga shuka la pili shingoni kabla sijawasha: "Hapa si Tanga, baba."

Kabla ya kuondoka nilimulika matundu yote manne. Kwenye tundu la chini kulia, kola ya mpira imehama kidogo kuelekea katikati, upana wa alama ya kalamu. Kioo kimenywea na kimepata pa kwendea. Nilichuchumaa pale na tochi mpaka miguu ikafa ganzi, nikiangalia ile nafasi ya nusu milimita ambayo Juni ilikuwa ufa.

Nimepita shimo lile lile kwa makusudi, mwendo ule ule. Hakuna kitu.

Wakati wa kuteremka limetokea jambo la kuandika. Nilipofika chini, karibu na Mombo, kioo kilifunga ukungu ghafla pande zote mbili. Kilikuwa bado na baridi ya mlimani, na hewa ya chini ni ya moto na imejaa unyevu. Ni kama chupa ya soda ukiitoa kwenye friji. Kwa kuwa naangalia kwa juu, haikunisumbua. Kama ningekuwa na kioo kile kirefu, ningeingia barabara kuu ya mabasi bila kuona.

Jumatatu, 15 Julai. Tanga

Kijana wangu, kwa moyo mzuri kabisa, ameiosha pikipiki yote ili nikiamka niikute safi. Grisi ya chini ya kioo ameitoa kwa petroli. Nilipofika nikanusa kabla sijaona.

Nyufa za nywele zimeota upande wa kushoto, kwenye eneo la ukubwa wa kiganja, pale pale kwenye mkunjo. Sikumgombeza. Tulikaa wote wawili na kile kipande cha jaribio la tarehe 11, nikampangusia kingine mbele yake, akaona mwenyewe. Akanyamaza sana. "Bosi, nilidhani nasafisha." Nikamwambia hata mimi nimefanya hivyo miaka kumi.

Kioo nimekivua. Kinaonekana kizima, ukikigonga kina sauti yake, lakini sitakipeleka mlimani. Kwa mzee nimepata kipande kingine, shilingi 20,000. Tumekichonga pamoja na kijana, na matundu ametoboa yeye.

Utaratibu wa kuosha tumeuandika ukutani kwa chaki: kwanza maji mengi ya kumwaga ili vumbi liondoke lenyewe, kwa sababu ukipangusa likiwa kavu unakwaruza, na polikaboneti inakwaruzika upesi kuliko akriliki. Kisha sabuni laini ya vyombo na kitambaa cha pamba. Kanga iliyozeeka ni nzuri kuliko sponji. Kisha maji baridi yasiyo ya kisima, maana vya huku kwetu vina chumvi. Petroli, thina, na dawa ya vioo vya madirisha yenye harufu kali ya amonia zikae mbali.

Jumatano, 17 Julai. Lushoto

Nyuzi 8. Kioo kipya, safari ya kwanza. Kizima.

Jumatano, 31 Julai. Lushoto

Nyuzi 9, na mvua nyepesi tangu Soni. Kwenye kituo cha mwisho mfugaji mmoja aliyekuja na madumu mawili ya maziwa kwenye pikipiki aliomba kukishika kioo changu. Chake kimefungwa kwa waya na gundi, kina ufa kutoka tundu la chini. Tumefungua zana hapo hapo. Tundu siwezi kulibadili, lakini tumelegeza bolti zote nne, tumetia washa za tyubu, na ufa tumeuzuia kwa kutoboa tundu dogo la milimita 3 mwisho wake kabisa, ili usipate ncha ya kuendelea nayo. Ni ya muda tu, nimemwambia. Asikae nacho mpaka kipupwe kijacho.

Jumatano, 14 Agosti. Lushoto

Nyuzi 11. Baridi imeanza kulegea. Mikwaruzo ipo, midogo, upande wa chini ambako kokoto za magurudumu ya magari hupiga. Matundu yote manne hayana hata alama. Bolti ya chini kushoto imeanza kuwa na doa la kutu, kwa hiyo hiyo si stenlesi ya kweli, nitaibadili.

Yule mfugaji amenisubiri. Tundu dogo limeushika ufa, haujasogea. Nimempimia upana wa usukani wake kwa futi: sentimita 40 na nusu. Mabaki yangu yanatosha, kijana ataanza kukata Jumamosi.